Alexander Whyte na Mwerezi wa Nyanda za Baridi

Kila unapoingia mwezi wa Juni, wakazi wa Area 49 mjini Lilongwe, na wenzao walioko Dzaleka wilayani Dowa, huyatoa mablanketi yaliyokuwa yamekunjwa tangu mwaka uliopita. Wengi waliofika Malawi kutoka pwani, au kutoka kandokando ya Ziwa Tanganyika, walidhani kwamba nchi hii yote ina joto kama lile la Salima na Mangochi. La hasha! Lilongwe imekaa kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,050 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Katika mabonde yenye madambo, ambako hewa ya baridi hutelemka na kutuama usiku, hali huwa kali zaidi. Majani ya migomba hugeuka rangi ya kahawia, mipapai hudumaa, na maua yaliyonunuliwa kwa pesa nyingi hufa kabla ya Agosti kufika.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila mwenye ua wa nyumba hulikabili: tupande nini kitakachostahimili baridi hii, na baada yake kiangazi kirefu cha Septemba na Oktoba, bila ya kutugharimu ndoo za maji kila jioni? Jibu fupi ni kwamba tupande mimea iliyozaliwa hapa, ambayo imeizoea baridi hii na kiangazi hiki kwa maelfu ya miaka. Lakini jibu hilo lina historia yake, na historia hiyo haiwezi kuelezwa bila ya kumtaja mzee mmoja wa Kiskoti ambaye jina lake limo katika jina la mti wa taifa la Malawi. Mzee huyo ni Alexander Whyte.

Tunaeleza maisha yake si kwa sababu alikuwa malaika. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, naye alifanya kazi kwa faida ya serikali hiyo. Tunayaeleza kwa sababu katika maisha ya mtu huyu mmoja yamo mambo mawili ambayo hata leo yanavutana katika kila bustani ya nyanda zetu za juu: kuithamini mimea ya mahali, na kuiacha kwa ajili ya ile iliyotoka mbali.

Kutoka Uskoti hadi Ceylon

Alexander Whyte alizaliwa Uskoti mwaka 1834. Nchi hiyo ni ya baridi, mvua nyepesi na vilima vitupu vyenye vichaka vifupi, na mtoto aliyekulia huko hujifunza mapema kwamba si kila mmea huota kila mahali. Alipokuwa mtu mzima alikwenda kisiwa cha Ceylon, ambacho leo kinaitwa Sri Lanka, akakaa huko miaka mingi. Wakati huo kisiwa hicho kilikuwa kikigeuzwa kuwa shamba kubwa la Waingereza. Misitu ya milimani ilikatwa, ikapandwa kahawa. Na kahawa ilipoangamizwa na ugonjwa wa kutu ya majani, ulioanza kuonekana huko mwaka 1869, ikapandwa chai.

Msiba huo wa kahawa ulikuwa fundisho kubwa kwa wakulima wote wa zama zile. Mlima mzima uliovuliwa mimea yake ya asili na kuvishwa mmea wa aina moja kutoka nchi nyingine unaweza kuharibika katika miaka michache tu. Whyte alikuwa Ceylon katika zama hizo. Huko pia alijipatia sifa ya kuwajua ndege na viumbe wengine, na ya kuwahifadhi kwa ustadi ili wataalamu wa Ulaya wapate kuwachunguza.

Mwaka 1891, alipokuwa na umri wa miaka 57, alikuja Afrika ya Kati pamoja na Harry Johnston, kamishna wa kwanza wa nchi iliyokuja kuitwa Nyasaland, nayo ndiyo Malawi ya leo. Katika umri ambao watu wengi huanza kufikiria kupumzika, mzee huyu alianza kazi iliyomletea jina. Alikuwa mtafiti wa viumbe na mimea wa utawala ule mpya, na kazi yake ilikuwa kukusanya, kukausha, kuandika na kupeleka London kila kilichokuwa hakijulikani huko.

Mlima wa Mulanje

Kusini-mashariki ya Malawi, karibu na mpaka wa Msumbiji, Mlima Mulanje unasimama peke yake kama kisiwa katikati ya tambarare. Kilele chake, Sapitwa, kina mita 3,002. Chini yake kuna joto na mashamba ya chai. Juu yake kuna nyanda za majani, mito ya maji baridi, makorongo yenye misitu, na usiku wenye sakitu inayoyafanya majani kuwa meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Wakati wa baridi hupigwa na chiperoni, yale manyunyu na ukungu yanayoletwa na upepo wa upande wa Msumbiji, ambayo yameitwa hivyo kwa sababu ya mlima Chiperone ulioko huko. Wenyeji wa Mulanje wameuheshimu mlima huo tangu kale kuwa ni makao ya mizimu ya wazee wao, na heshima hiyo yenyewe ilikuwa namna ya kuuhifadhi.

Tusisahau kwamba mwaka 1891 haukuwa mwaka wa amani. Katika mwaka huohuo majeshi ya Johnston yalipigana na Chikumbu, mkuu wa Wayao wa Mulanje. Mwanasayansi aliupanda mlima baada ya bunduki kuifungua njia. Jambo hili halimo katika orodha za maua zilizochapishwa London, lakini anayetaka kuijua historia ya bustani zetu hana budi kulijua.

Mnamo Oktoba na Novemba 1891 Whyte aliupanda Mulanje, akazunguka katika nyanda zake za juu akikusanya mimea. Hakuwa peke yake. Kila fungu la majani makavu, kila karatasi ya kukaushia maua, kila gunia la unga na kila hema vilibebwa na wapagazi Waafrika, na njia za kupita kwenye majabali zilijulikana na watu wa mlima. Heshima ya majina ya kisayansi ilimwendea Mwingereza; waliobeba na walioongoza hawakutajwa. Sisi tunaona ni haki wakumbukwe hapa, ingawa hatuna majina yao.

Alichokikuta juu ya mlima kilikuwa kama nchi nyingine. Palikuwa na vichaka vya jamii ya Erika, ndugu wa vile vichaka vya vilima vya kwao Uskoti. Palikuwa na maua makavu yasiyonyauka, ambayo wataalamu huyaita Helikrisamu, yenye manyoya meupe kwenye majani yake kama sufu ya kondoo. Palikuwa na makangaga makubwa kandokando ya vijito. Na katika makorongo palisimama miti mikubwa yenye matawi ya kijani kibichi na magome yanayochanika kwa nyuzinyuzi, mingine ikiwa na urefu wa mita 40 na zaidi, yenye harufu nzuri na utomvu mwingi. Wenyeji huuita mti huo mkungudza. Waingereza waliuita mwerezi wa Mulanje.

Mimea iliyokusanywa ilipelekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, nako ikachunguzwa. Mwaka 1894 orodha yake ilichapishwa katika jarida la Chama cha Linnean. Mwerezi ule ulipewa jina la kisayansi Widdringtonia whytei, yaani Widdringtonia ya Whyte. Aina moja ya Erika na aina moja ya Helikrisamu zilipewa jina lake vilevile. Hata ndege mmoja wa jamii ya zuwakulu, anayeishi katika misitu ya miombo ya nchi hizi, huitwa kwa jina lake.

Mimea inajua baridi ya kwao

Hapa ndugu msomaji atauliza: mambo haya ya mlima wa mbali yanamhusu nini mtu mwenye ua wa hatua kumi kwa kumi huko Dzaleka? Yanamhusu sana, nasi tutaeleza kwa nini.

Kazi ya mkusanyaji si kuchuma ua tu. Huandika pia mahali alipolichuma na urefu wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa mmea huishi katika ngazi yake. Mwerezi wa Mulanje huota kwa asili kati ya mita 1,800 na mita 2,500 hivi. Chini ya hapo misitu ni ya namna nyingine, na chini zaidi kuna miombo. Vile vichaka vya Erika vina majani madogo kama sindano ili upepo usivikaushe. Maua yasiyonyauka yana manyoya ili yajikinge na baridi ya usiku na jua kali la mchana. Mshubiri huweka maji katika majani yake manene, kisha hutoa maua mekundu na ya rangi ya chungwa wakati wa baridi yenyewe, mimea mingine inapokuwa imelala, na ndege aina ya chozi huja kuyanyonya. Mmea haukufundishwa mambo hayo na mtunza bustani yeyote, umeyarithi.

Whyte aliyaona tena mambo hayo mwaka 1896, alipofika Nyika, ule uwanda mkubwa wa kaskazini mwa Malawi unaopanda zaidi ya mita 2,600. Usiku wa Juni na Julai huko sakitu si jambo la ajabu. Alikusanya mimea na ndege, na mwaka 1897 ndege mdogo wa jamii ya chiriku, mwenye nyusi za manjano, aliitwa kwa jina lake. Wasomaji wetu waliotoka Kenya, au katika nyanda za juu za Rwanda, Burundi na Kivu, wangejisikia wako nyumbani Nyika. Mtarakwa wa Kenya unao msitu wake mdogo huko, nao ndio mwisho wake upande wa kusini. Na ule mti wa Hagenia wa milima ya Rwanda na Kivu, wenye mashada mekundu yanayoning'inia, hufika huko pia na kuishia huko. Milima yetu ni kama visiwa katika bahari moja; joto la chini limevitenga, baridi ya juu imevifanya ndugu.

Bustani za serikali

Sasa tuitazame sura ya pili ya maisha ya mzee huyu. Zomba, iliyokuwa makao makuu ya utawala mpaka serikali ilipohamia Lilongwe mwaka 1975, Whyte alitengeneza bustani kwenye mteremko wa mlima. Bustani hiyo ndiyo mwanzo wa Bustani ya Mimea ya Zomba. Haikuwa ya mkungudza na maua ya Mulanje tu. Kama bustani zote za kikoloni za zama zile, ilikuwa mahali pa kuijaribia mimea kutoka pembe zote za dunia ili ijulikane ipi italeta fedha na ipi itapendeza macho ya wakubwa.

Hatusemi kwamba mimea yote ya kigeni ni mibaya. Mahindi tunayosongea nsima, au ugali kama wengine wanavyouita, yalitoka Amerika. Na mihogo, maharage na nyanya vilevile. Kahawa ya kwanza ya Blantyre ililetwa mwaka 1878 kutoka bustani ya Edinburgh. Mtu anayedai kwamba atakula vya asili tu atalala na njaa. Lakini bustani zile zilifundisha pia tabia nyingine: kwamba mti wa mahali ni pori la kufyekwa, na mti uliotoka ng'ambo ndio ustaarabu. Tabia hiyo ilibaki hata baada ya uhuru wa 1964. Nenda barabara nyingi za miji yetu, utakuta mijakaranda ya Amerika ya Kusini, mikaratusi ya Australia na misaiprasi ya Meksiko. Mwenye nyumba akiulizwa jina la mti wa asili uliokuwapo uani mwake kabla hajaukata, hulikosa.

Mwaka 1898 Whyte alikuwa Uganda, akawa msimamizi wa kwanza wa bustani ya mimea ya Entebbe, kandokando ya Ziwa Viktoria. Wakati huo alikuwa na miaka 64. Bustani ya Entebbe ingali ipo, na ndani yake kimebaki kipande cha msitu wa asili ambacho wageni hupelekwa kukitazama. Hata baada ya hapo mzee hakutulia. Mwaka 1904, akiwa na miaka 70, alikuwa bado anakusanya mimea katika misitu ya Liberia, Afrika ya Magharibi. Alifariki dunia baada ya miaka michache, katika muongo wa kwanza wa karne ya ishirini.

Yaliyoupata mkungudza

Mtu alikufa, mti ukabaki. Lakini haukubaki kwa amani. Mbao za mkungudza hazishambuliwi ovyo na mchwa, wala haziozi upesi. Zilijengewa nyumba na kuundiwa mashua, na kila aliyetajirika alizitaka. Mulanje ulitangazwa kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1927, hata hivyo ukataji uliendelea, wa vibali na wa wizi.

Moto nao ulikula sehemu yake, na Whyte mwenyewe aliziona dalili za jambo hilo. Mche wa mkungudza unahitaji mwanga, hivyo moto wa mara moja baada ya miaka mingi huweza kuufungulia nafasi. Lakini moto wa kila mwaka huua miche kabla haijakomaa, na mti mzima wenyewe, kwa ajili ya utomvu wake, huwaka kama mwenge.

Kisha ikaja balaa la tatu, nalo ndilo linalotuhusu zaidi sisi wapenda bustani. Mwaka 1986 walionekana Malawi, kwa mara ya kwanza katika Afrika, vidukari wa misaiprasi, wadudu wadogo wanaofyonza maji ya miti ya jamii hiyo. Walikuta misaiprasi ya kigeni imepandwa kila mahali, katika mashamba ya mbao na katika nyua za nyumba. Wakasambaa mpaka Tanzania na Kenya. Na kwa kuwa mkungudza na mtarakwa ni ndugu wa misaiprasi, vidukari hao waliishambulia miti hiyo ya asili pia. Misonobari ya Meksiko iliyopandwa juu ya Mulanje ilianza kujizalisha yenyewe na kuzinyang'anya nyanda za majani nafasi. Mmea wa miiba wenye matunda ya manjano, uliotoka milima ya Himalaya, ulifanya hivyohivyo. Hakuna aliyekusudia madhara hayo. Kila mmoja alipanda tu kilichompendeza.

Kufikia mwaka 2018 taarifa za wahifadhi zilionyesha kwamba karibu miti yote mikubwa ya mkungudza ilikuwa imekwisha kukatwa. Mti wa taifa, wenye sura katika kila kitabu cha elimu ya mimea ya Malawi, ulikuwa umetoweka karibu wote katika mlima wake. Katika hifadhi za London majani makavu ya 1891 yalikuwa salama.

Neno kuhusu wageni

Hapa hatuna budi kusema jambo moja kwa uwazi. Ukurasa huu unasomwa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 ambayo ilikusudiwa watu elfu kumi au kumi na mbili hivi, na ambayo sasa ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mtu akisoma habari za mimea ya kigeni inayodhuru asije akadhani kwamba tunasema habari za watu. Mti hauombi hifadhi. Mtu huiomba, na sheria za dunia zimempa haki ya kuiomba. Mmea hauwezi kuijifunza nchi ulikopelekwa, wala kujizuia, mtu huweza. Na kwa kweli mgeni anayejifunza kwamba mti fulani huitwa msangu na mwingine huitwa masuku, akaupanda na kuutunza, amefanya kwa nchi iliyompokea jambo ambalo wengi wa wenyeji wameacha kulifanya.

Tupande nini basi?

Funzo la kwanza kutoka kwa Whyte ni kuanza kwa kutazama. Kabla ya kununua mche, nenda ukaone kinachoota penyewe. Mkazi wa Area 49 anaweza kuingia katika hifadhi ya wanyama iliyo katikati ya Lilongwe, au Bustani ya Taifa ya Mimea mjini humo. Mwenye nafasi aende Dzalanyama, ule msitu wa hifadhi uliotangazwa mwaka 1922 ambamo mto Lilongwe unachimbuka, na ambao makaa na kuni zimeudhoofisha sana. Mkazi wa Dzaleka atazame vilima vya Dowa. Mti unaokaa kijani pale mwezi wa Agosti bila mtu wa kuumwagilia, huo ndio mwalimu.

Funzo la pili ni kuuheshimu urefu wa mahali. Tusivutwe na sifa ya mkungudza tukaupanda kila uani. Huo ni mti wa baridi ya juu na ukungu, nao hautazamiwi kufurahia kiangazi cha Lilongwe kama unavyofurahia makorongo ya Mulanje. Kwa nyanda za kati tunayo yetu. Ukutani na penye mawe panda mishubiri. Itachanua Juni na Julai, wakati ambapo ua hauna rangi nyingine. Penye shamba la mahindi panda msangu, ambao Waswahili wengine huuita mkababu: huangusha majani yake wakati wa mvua, hivyo hauyazibi mahindi jua, na majani hayo hurutubisha udongo. Mwenye nafasi kubwa apande mlombwa, yaani mninga, mbali na ukuta. Mkuyu na kachere viwekwe mbali zaidi, kwani mizizi yake haijui mpaka wa msingi wa nyumba. Mbawa ni mti wa kandokando ya mito, tena mkubwa mno kwa ua mdogo; afadhali upandwe shuleni au penye uwanja wa watu wote.

Masuku, ambao Tanzania huitwa mkusu, unastahili neno lake peke yake. Wengi wameupanda wakaona umedumaa, wakalaumu mbegu. Mizizi ya masuku huishi kwa ushirikiano na kuvu walioko katika udongo wa msituni. Kwa hiyo mwenye kitalu huchanganya kiasi kidogo cha udongo uliotoka chini ya masuku mkubwa, ndipo mche hushika. Mti haukubali kuhamishwa peke yake. Hutaka kuja na kiasi cha nyumbani kwake.

Miche michanga ya aina yoyote hupandwa mvua zinapoanza, ili iwe imeshika mizizi kabla ya Juni. Iwapo ua uko bondeni, miche hiyo ifunikwe kwa nyasi kavu usiku wa baridi kali, na nyasi ziondolewe asubuhi jua likitoka. Baada ya miaka miwili au mitatu haitataka kifuniko.

Na funzo la tatu ni kutong'oa. Whyte alichukua kidogo kutoka mlima uliokuwa umejaa; sisi tukichukua kutoka milima iliyobaki mitupu tutakuwa tunamalizia wizi. Mishubiri na maua ya milimani yanayouzwa barabarani mara nyingi yameng'olewa porini. Mbegu na miche ya halali hupatikana katika vitalu, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Malawi iliyoko Zomba inayo hifadhi ya mbegu za miti.

Katika vitalu hivyohivyo ndimo lilimo tumaini la mkungudza. Tangu mwaka 2016 taasisi hiyo, pamoja na shirika la kuuhifadhi Mlima Mulanje na wataalamu wa bustani za mimea kutoka Uingereza, waliwasaidia wanavijiji wa chini ya mlima kuanzisha vitalu vya mti huo. Mamia ya maelfu ya miche yamepandishwa mlimani, na wanaoibeba ni wananchi wa Mulanje, safari hii wakilipwa na wakijua thamani ya mzigo wao. Mwezi wa Julai 2025 Mlima Mulanje uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ni kubwa. Hata hivyo mche wa mkungudza hauangalii orodha, huangalia kama moto umezuiwa mwaka huu na kama shoka limekaa nyumbani.

Hayo ndiyo maisha ya Alexander Whyte na mti wake. Alikuwa na macho ya kuuona mmea mahali pake, na mikono iliyozoea kuupeleka mahali pengine. Macho yake tuyarithi. Kuhusu mikono, tuwe waangalifu. Mvua za Novemba zikianza, mwenye ua Area 49 na mwenye kiambaza Dzaleka kila mmoja apande japo mshubiri mmoja na msangu mmoja. Baridi ya Juni itakapokuja itavikuta vimejiandaa.